Maziwa ya Nani?

Video yenyewe ilikuwa ya sekunde kumi na tisa tu.

Nilikuwa kwenye kibanda changu cha ushonaji, gauni la bibi harusi liko kwenye cherehani, nahangaika na lesi ya mkono wa kushoto. Simu ikalia. Kundi la familia ya mume wangu.

Nikafungua nikijua ni yale mambo yao ya kila siku ya kutakiana wiki njema.

Mwanangu! Amekaa kwenye kigoda jikoni kwa bibi yake. Kikombe mdomoni. Anakunywa maziwa!

Yale yale niliyowaambia wasimpe. Yale yale yaliyomvimbisha mpaka macho yakapotea usoni!

Chini yake wifi yangu ameandika: "Haya sasa, kikombe chote kimeisha na mtoto mzima kama kigongo. Damu imepimwa, hana aleji yoyote. Mwenye aleji na ukoo wetu ni mama yake."

Watu tisa wamecheka. Shemeji mmoja ameweka na makofi.

Lakini si hicho kilichonikata maini, jamani...

Mtoto alikuwa hajashika kikombe mwenyewe. Kilishikwa na mkono wa mwanaume, una kovu la kuungua na pasi kwenye kidole gumba. Kovu hilo nimelipaka dawa mimi, asubuhi na jioni, wiki tatu nzima.

Mkono wa mume wangu. Ambaye asubuhi ile aliniaga anakwenda kazini!

Mkasi ulianguka, sikuuokota. Mwenye gauni alikuwa amekaa pale pale anasubiri, akaniuliza, "Fundi, vipi tena?" Nilitoka na tepu ya kupimia shingoni, nikapanda pikipiki ya kwanza iliyopita.

Nikampigia mume wangu. Hapokei.

Nikampigia wifi. Akapokea anacheka.

"Wifi, mtoto yukoje?"

"Mzima! Njoo umwone mwenyewe, amekaa kimya, ametulia."

Amekaa kimya...

Nyie hamumjui mwanangu, ndiyo maana hamjashtuka. Hebu niwaeleze kwanza, msije mkanihukumu njia nusu.

Binti yangu ana miaka minne. Tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Anaongea akila, anaongea akioga, akivaa viatu anaviuliza vimelalaje. Mwalimu wake wa chekechea alishawahi kuniomba eti nimpumzishe nyumbani siku moja, apate kusikia masikio yake.

Mtoto huyo akikaa kimya, kuna jambo.

Sasa, ukoo nilioolewa ni watu wa mbuzi. Mama mkwe ana mbuzi wa maziwa kumi na mmoja, kila mmoja ana jina na tabia yake. Mtaa mzima unachukua maziwa kwake. Mume wangu amekulia hayo, wifi amekulia hayo, na nilipoingia mimi nikapewa kikombe changu na nikayazoea. Miaka saba sasa. Ukikataa maziwa pale umemkataa mama mkwe mwenyewe, hakuna namna nyingine watakavyoelewa.

Chiriku alipofika miaka miwili na nusu akapewa kikombe kwa bibi yake. Midomo ikavimba, vipele shingoni.

"Ni joto," wifi akasema.

Mara ya pili akatapika na kukohoa kikohozi cha kubweka.

"Ni minyoo hiyo."

Mara ya tatu uso ukaumuka wote, macho yakafunga! Na alikuwa amekunywa nusu kikombe tu.

"Umembadilishia sabuni," mume wangu akaniambia. Sabuni! Mtoto kavimba ulimi na mtu ananiambia sabuni!

Nikasema basi. Maziwa marufuku. Nyumbani kwangu nikaendelea kumtilia pakiti ya dukani kwenye uji kama kawaida, anakunywa, anaramba kijiko, hana hata kipele. Na kwa bibi yake nikaacha kumpeleka kabisa. Mwaka mzima sikukanyaga pale. Mama mkwe akipiga simu, naiangalia inaita mpaka inachoka.

Mtaniona nina roho mbaya. Nilikuwa nimechoka! Ukisema kitu mara ishirini na kila mara unaambiwa ni joto, ni minyoo, ni sabuni, utafika mahali hutaki hata kusikia salamu ya mtu.

Maneno yakaanza. Wifi akawa anaandika kwenye kundi kwa mafumbo, eti "wapo watu wanawanyima watoto chakula cha kwao ili wajione wa maana." Mume wangu akawa anasoma na kunyamaza, na mimi namwangalia anavyonyamaza.

Siku moja akaja na wazo.

"Mama Chiriku, tumpime damu. Tumalize ubishi. Damu haina mkwe wala wifi."

Nikakubali upesi. Moyoni nikasema sasa wataumbuka wote!

Tukaenda hospitali. Daktari mwenyewe kijana, mpole, lakini nje foleni imefika getini na anaandika huku anaongea.

"Tatizo ni nini, mama?"

"Maziwa, daktari. Akinywa tu anavimba."

"Kiasi gani?"

"Hata mafunda mawili."

"Kwa sasa anakunywa maziwa yoyote nyumbani?"

"Thubutu! Nimeyafuta kabisa nyumbani kwangu."

Akaandika. Akanisomea haraka haraka, nikatia saini. Akatueleza kwamba kuna kipimo cha damu kinachotazama kama mwili wa mtoto umejiwekea askari wa kupigana na chakula fulani. Askari wakiwa wengi, namba inapanda. Wasipokuwepo, karatasi inasema hasi.

"Ila karatasi peke yake haitoshi," akaongeza. "Tunaisoma pamoja na mliyoyaona nyumbani."

Maabara tukampata dada mmoja mwenye mwanya, mkono mwepesi kweli. Chiriku akamkazia macho.

"Unaichukua damu yangu yote?"

"Kidogo tu, mama."

"Mbona chupa ina kifuniko cha njano? Yangu nataka ya pinki."

Sindano ikaingia na kutoka, yeye bado anabishania kifuniko.

Wiki nzima nilishona nguo za watu kinyumenyume. Suruali moja niliiwekea zipu nyuma! Nilikuwa naisubiri ile karatasi kuliko mwanafunzi anavyosubiri matokeo.

Ikatoka.

Maziwa: hasi.

Niliisoma mara tatu. Nikaigeuza nyuma, labda kuna maneno mengine. Hakuna.

"Daktari, haiwezekani! Mimi nimemwona kwa macho yangu!"

"Nakuamini, mama. Lakini damu yake haionyeshi mzio wa maziwa. Mkitaka kumrudishia, mleteni hapa hapa, anywe kidogo kidogo tukimwangalia. Msimjaribishe nyumbani."

Mume wangu yeye alisikia nusu ya kwanza tu. Ile ya "msimjaribishe nyumbani" sijui ilimpitia sikio gani. Tuko bado kwenye korido akatoa simu, akaipiga karatasi picha, akaitupa kwenye kundi. Hakuniuliza.

"Sasa umefurahi?" nikamwambia.

"Nimefurahi mwanangu ni mzima. Kwani wewe hukufurahi?"

Ningejibu nini hapo? Ukisema hujafurahi, wewe ndiye mchawi. Nilirudi nyumbani nina hasira mpaka meno yananiuma. Nikaanza hata kujishuku. Labda kweli nina matatizo mimi. Labda macho yangu yaliona nilichotaka kuyaonyesha.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi, mume wangu akaenda kumchukua mtoto chekechea kabla ya wakati na kumpeleka moja kwa moja kwa mama yake. Kikombe. Video.

Sasa turudi kwenye pikipiki.

Tulipokata kona ya kuingia kwa mama mkwe nikaona mtu anakuja mbio katikati ya barabara. Mwanamke mzima, miguu peku, kilemba kimedondoka mabegani. Mgongoni ana mtoto.

Mama mkwe!

Nikaruka pikipiki haijasimama vizuri. Nikamvuta Chiriku mgongoni kwake. Midomo imekuwa mikubwa kuliko uso. Pumzi inaingia kwa filimbi... fiiii... na kutoka haitoki sawasawa. Ananiangalia tu. Chiriku wangu, ananiangalia na hasemi neno!

"Umeniulia mtoto!" nikamfokea mama mkwe. "Wewe na mbuzi wako, mmeniulia mtoto!"

Watu walisimama na kutazama. Mama wa watu mzima, namfokea barabarani kama namfokea mwizi. Alisema neno moja tu kwa yule wa pikipiki.

"Hospitali!"

Tukapanda wote watatu. Yeye nyuma kabisa, ametushika mimi na mtoto kwa mkono mmoja, mwingine umeshika chuma. Njia nzima nasikia anamwambia mjukuu wake sikioni, "Vuta pumzi, mama. Vuta nyingine. Bado moja. Vuta nyingine."

Mlangoni wauguzi walimwona na hawakuuliza jina wala kadi. Wakamlaza, wakamchoma sindano ya paja, wakamwekea kifaa cha hewa mdomoni.

Dakika zile sitaki kuzielezea. Nilihesabu vigae vya ukutani, nikafika sitini na kitu nikasahau nimeishia wapi.

Halafu nikasikia sauti nyembamba, ya kukwaruza.

"Mama... huyu kanichoma na hajaomba ruhusa."

Nililia mpaka nikakaa chini. Pale pale sakafuni, na tepu yangu shingoni.

Mume wangu akafika na wifi, waliokuwa wamekwenda kutafuta gari. Shati limelowa jasho, uso umekuwa wa majivu. Akataka kunishika bega.

"Usiniguse!"

"Mama Chiriku, karatasi ilisema hana kitu. Nilitaka haya maneno yaishe tu. Kila siku mimi niko katikati yenu..."

"Yameisha sasa? Eti, yameisha?"

Wifi alikuwa anatazama sakafu.

Ndipo mama mkwe akafungua mdomo. Alikuwa amekaa kwenye benchi, nyayo zake zina damu kwa kukimbia peku.

"Mimi nilimuuliza," akasema taratibu. "Alipokuja na simu kunisomea hiyo karatasi, nikamuuliza, maziwa ya nani? Wakanicheka, yeye na dada yake, wakamnywesha nikiwa bandani."

"Mama, maziwa ni maziwa," mume wangu akasema kwa uchovu.

Na mimi, jamani, na mimi...

"Mama, achana na hayo!" nikamkatiza. "Ya nani ndiyo nini? Mtoto yuko ndani anapumulia mashine na wewe unaleta habari za mbuzi!"

Mama wa watu akaufunga mdomo wake.

Mlango ukafunguka. Daktari, yule yule kijana.

"Ametulia. Atalala hapa tumwangalie. Sasa niambieni, alikunywa maziwa gani?"

"Maziwa," mume wangu akasema. "Ya kwa mama."

"Ya ng'ombe?"

Tukatazamana wanne.

"Ng'ombe wa wapi?" mume wangu akasema. "Sisi hatuna ng'ombe, daktari! Sisi ni mbuzi!"

Daktari akavua miwani.

"Mtoto anavimba kwa maziwa ya mbuzi?"

"Ndiyo!" nikapiga kelele. "Miaka yote nasema!"

"Basi tulipima kitu kingine. Kipimo kile kilikuwa cha maziwa ya ng'ombe."

Mlipuko uliotokea pale korido, hata walinzi walikuja. Mume wangu anapiga ukuta ngumi. "Mmepima ng'ombe! Mtoto anakufa kwa mbuzi, nyie mnapima ng'ombe!" Na mimi nimeungana naye, naongea mpaka mate yananikauka. Miaka yote nimebishana na watu wasionisikia, na sasa nimempata wa kumtupia mzigo wote. Raha ya ajabu, sitawaficha!

Daktari akatueleza ingawa hatukutaka kutulia. Wengi wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe hudhurika pia na ya mbuzi, kwa sababu yanafanana sana. Lakini wapo wachache ambao mwili wao unapokea ya ng'ombe vizuri na kuyakataa ya mbuzi au ya kondoo. Lazima kila aina ipimwe kwa jina lake. Wakatoa damu nyingine, ikapelekwa maabara kubwa ya mbali.

Siku kumi na mbili. Majibu yakaja yana mistari miwili.

Maziwa ya ng'ombe: hasi.

Maziwa ya mbuzi: namba ndefu, na pembeni neno "juu sana".

Niliyatuma kwenye kundi mwenyewe. Sikuandika kitu chini yake. Wifi akaandika "nisamehe wifi yangu" mara nne. Wale tisa waliocheka wakaleta pole zao. Shemeji wa makofi akajitoa kwenye kundi. Nilikuwa juu, jamani. Nilitembea mtaani kwa kuringa, kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Mume wangu hakuishia hapo. Akaandika barua ya malalamiko hospitalini kwamba mtu wa maabara alipima kitu tofauti na kilichoombwa. Tukaitwa ofisini kwa mganga mkuu. Sisi wawili, mama mkwe kama shahidi, daktari, na yule dada wa maabara mwenye mwanya amesimama karibu na kabati, faili limebanwa kifuani. Nikaambiwa barua ile ikithibitika, kazi hana.

"Huyu ndiye aliyetaka kuniulia mtoto," mume wangu akaanza.

Nami nikadakia. Sikuwa na huruma hata chembe.

"Kupima maziwa tu kumemshinda! Hata mtoto wa chekechea anajua maziwa ni nini!"

Yule dada hakujitetea. Alifungua faili, akatoa fomu moja, akampa mganga mkuu. Mganga mkuu akaisoma kwa sauti.

"Mama anaeleza kuwa mtoto akinywa maziwa anavimba midomo. Alipoulizwa kama kwa sasa anakunywa maziwa yoyote nyumbani, alijibu hapana, ameyafuta kabisa. Kipimo kinachoombwa: maziwa ya ng'ombe."

Akanisogezea karatasi.

"Hii saini ni yako, mama?"

Ilikuwa yangu. Na ule mkia wake wa mbwembwe.

Mume wangu akanigeukia polepole.

"Hukumnywesha maziwa yoyote? Si unampa pakiti kila asubuhi?"

"Pakiti si maziwa!"

Nilisema hivyo. Kwa sauti. Mbele ya mganga mkuu, daktari, dada wa maabara na mama mkwe wangu.

Mganga mkuu akainua macho kwenye fomu.

"Samahani, mama," yule dada akauliza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko tusi. "Kama si maziwa, pakiti ni nini?"

"Pakiti ni... pakiti."

Sikia nilivyojisikia! Miaka saba kwenye ukoo wa mbuzi, neno limegeuka mdomoni mwangu bila mimi kujua. Kwetu ukisema maziwa ni ya mama mkwe, ya mbuzi, hakuna mengine. Ya ng'ombe yanakaa kwenye rafu dukani na jina lake ni pakiti. "Niletee pakiti." "Pakiti imeisha." Hakuna hata mmoja wetu anayeyaita maziwa. Kwa daktari, kwa maabara, kwa dunia yote iliyobaki, ukisema maziwa bila kuongeza neno ni ya ng'ombe.

Daktari aliuliza akaambiwa hanywi. Kama ningesema tu, "anakunywa ya ng'ombe na hapati shida," angejua papo hapo. Nilimficha nusu ya habari na nikaiwekea saini.

Daktari alikuwa muungwana. Akasema, "Na mimi ningeuliza ni ya mnyama gani. Sikuuliza." Lakini nilijua lipi ni lake na lipi ni langu.

Barua tuliifuta siku hiyo hiyo. Nilimwomba radhi yule dada, akasema ameyasikia mengi, nisijali. Macho yake yalikuwa mekundu. Nimemshonea sketi, lakini sketi hairudishi usiku wa mtu aliyeambiwa kazi hana.

Tulipotoka, mume wangu akasimama kwenye ngazi.

"Mimi nilishika kikombe," akasema. "Wewe ulitoa neno. Sasa tutalaumiana nini?"

Tumekubaliana hakuna atakayemtupia mwenzake hilo. Baadhi ya siku inawezekana, baadhi ya siku haiwezekani.

Aliyebaki ni mama mkwe.

Nilikwenda kwake siku ya pili, asubuhi, peke yangu. Alikuwa bandani anakamua. Nikapiga magoti kwenye majani makavu, na mbuzi mmoja ananitafuna upindo wa sketi.

"Mama, nisamehe. Nimekutukana barabarani. Nimekukatiza hospitali. Wewe peke yako ndiye uliyeuliza swali la maana, hata shule hukusoma, na sisi wenye kusoma tukakucheka."

Aliendelea kukamua mpaka chombo kikajaa. Akakisogeza pembeni, akafuta mikono.

"Ile mara ya tatu, mtoto alipofunga macho," akasema, "mimi nilijua. Nilimwona kwako anakunywa pakiti na hana kitu. Anakuja kwangu anavimba. Nikasema huyu mtoto hapatani na mbuzi wangu, wanangu wakanicheka. Sikumpa tena hata tone."

Nikamshika mkono.

"Mama... ulijua? Mbona hukuniambia?"

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo.

"Nilikupigia simu mwaka mzima, mwanangu. Ningekwambia saa ngapi?"

Jamani.

Zile simu! Nilizokuwa naziangalia zinaita mpaka zinachoka, huku nimejaa kiburi eti hawanisikilizi. Mimi niliyelia miaka yote kwamba hakuna anayenisikiliza!

Sasa nyie mnaosoma, mkipeleka mtu hospitali, taja kitu kwa jina lake lote. Maziwa ya mnyama gani, unga wa nafaka gani, mafuta ya nini. Daktari hajaolewa kwenu, hajui mnaitaje vitu. Ukishikwa na aibu ya kueleza sana, eleza hivyo hivyo na aibu yako. Na ukipata karatasi ya hasi, uliza ni hasi ya nini kabla hujaipiga picha.

Na kama kuna simu ya mtu uliyemnunia, ambaye hujui anataka kukwambia nini, weka hii simulizi chini sasa hivi, umpigie. Matusi yenu kwangu mtaniandikia baadaye, nitayasoma yote.